"Nitaanza Jumatatu": Ajizi inavyokula afya zetu

Kuna maneno ambayo daktari wa mtaani huyasikia karibu kila siku, nayo husemwa na watu wa kila aina, wake kwa waume: "Daktari, nilikuwa nimepanga kuja tangu mwezi ule mwingine." Wengine walipanga tangu mwaka ule mwingine. Ukiwauliza ni nini kilichowazuia, hawana jibu la maana. Hawakuwa safarini, hawakukosa nauli, na wengi wao hupita mbele ya kliniki mara mbili kwa siku wakienda kazini na kurudi. Siku ya kuja haikufika tu, basi.

Wahenga waliiita tabia hii ajizi, wakasema kuwa ajizi ni nyumba ya njaa. Wiki hii ningependa tuitazame kama tunavyoyatazama maradhi mengine katika ukurasa huu: jinsi inavyoanza, jinsi inavyomshika mtu, mahali inapojificha, na yale ambayo yamejaribiwa yakaonekana kusaidia. Simaanishi kwamba ajizi ni ugonjwa wa kuandikwa katika kadi ya hospitali. Lakini nimeiona ikimfikisha mtu kitandani sawa na ugonjwa wowote.

Si uvivu

Kwanza tuondoe dhana moja potovu. Watu wengi, hasa wazazi na waajiri, hudhani kuwa mwenye kuahirisha mambo ni mvivu. La hasha. Mvivu hataki kufanya jambo, wala hilo halimkoseshi usingizi. Mwenye ajizi anataka, ameazimia, pengine amekwisha kununua viatu vya kukimbilia, na kila siku inayopita bila kuanza humkera. Aghalabu ni mtu mwenye shughuli tele. Utamkuta akipanga faili upya, akiosha gari, au akijibu ujumbe wa simu ambao ungeweza kungoja hadi jioni, mradi asiliguse lile jambo moja.

Mchumi wa Marekani George Akerlof, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001, aliandika mwaka wa 1991 kuhusu sanduku la nguo. Alikuwa akiishi India kwa muda, rafiki yake Joseph Stiglitz akamtembelea, na alipoondoka akamwachia sanduku hilo ili alitume Marekani. Akerlof alijua kuwa kulituma kungemgharimu siku nzima ya kuhangaika na makarani. Kwa zaidi ya miezi minane, kila asubuhi aliamka akaamua kwamba atalituma kesho yake.

Ikumbukwe kuwa huyu si mtu asiyejua hesabu. Na hesabu yake ya kila siku ilikuwa sahihi: adha ya kulituma leo ilikuwa kubwa kuliko hasara ya kungoja siku moja zaidi. Balaa ni kuwa hesabu hiyo hurudiwa kila asubuhi, jibu huwa lile lile, na hasara zile ndogo ndogo hakuna anayezijumlisha.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliongeza jambo lingine katika makala yao ya mwaka wa 2013. Walieleza kuwa kiini cha ajizi si upungufu wa muda bali ni namna tunavyozikabili hisia zetu. Tunachokikimbia si kazi yenyewe. Tunakimbia hofu ya kuambiwa tuna sukari, aibu ya kupanda juu ya mizani mbele ya muuguzi kijana, au kule kuchoshwa na jambo lisilo na raha. Ukisema "kesho", hisia hiyo hupungua papo hapo. Nafuu hiyo ni tamu, ubongo huikumbuka, na mara nyingine neno "kesho" huja kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana kumnunulia mtu kalenda kubwa ya ukutani hakumsaidii sana, ijapokuwa maduka ya vitabu huuza kalenda nyingi kila Januari.

Maradhi yasiyouma

Ajizi hustawi zaidi pale ambapo hasara haionekani. Jino likiuma usiku, asubuhi mwenyewe yuko kwa daktari wa meno kabla mlango haujafunguliwa. Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa na kipimo cha 160 juu ya 100 akacheka, akala, akapanda matatu na kwenda zake kazini, huku mishipa yake ikikakamaa, moyo ukisukuma kwa shida na figo zikiumia kimya kimya.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015, ujulikanao kama STEPwise, uligundua kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kupimwa presha ni kazi ya dakika kumi, na katika kambi nyingi za matibabu hata hakulipiwi. Ni kweli kuwa kuna watu ambao gharama huwazuia wasiendelee na matibabu, na hao nisingethubutu kuwaita wenye ajizi. Lakini katika miji yetu wapo wengine wengi ambao kikwazo chao si fedha.

Namkumbuka karani mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 46. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alipimwa presha Jumapili moja baada ya ibada, ikaonekana ni 170 juu ya 110, akapewa karatasi afike kliniki wiki hiyo hiyo. Aliikunja akaitia katika kibeti. Wiki hiyo kulikuwa na hesabu za mwisho wa mwezi kazini. Kisha mtoto alikuwa anafanya mtihani, kisha ikaja karo, kisha Krismasi. Alifika kwangu baada ya miezi 14 akitembea kwa mkongojo, na ile karatasi aliitoa mkewe kutoka mfukoni mwake. Mkono wa kulia haujarudi kuwa kama ulivyokuwa, na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuandika sasa anajifunza kutumia wa kushoto. Hakuna aliyemficha jambo lolote. Alijua namba zake, na hata alikuwa ameniandikia orodha ya siku alizokusudia kuja.

Penye ugonjwa ndani

Kabla ya kumhubiria mtu kuhusu bidii, yafaa daktari amuulize maswali machache, kwa sababu wakati mwingine kinachoitwa ajizi ni dalili ya kitu kingine. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi ya hedhi kila mwezi anaweza kuwa na upungufu wa damu, na asiye na damu ya kutosha hana nguvu za kuanza lolote. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikilegea, mtu huwa mzito wa mwili na wa fikira, husikia baridi, ngozi hukauka. Mwanamume mnene anayekoroma kwa kishindo na kukatika pumzi usingizini huamka akiwa amechoka kuliko alivyolala, na mchana husinzia mezani. Pombe ya kila jioni nayo hula asubuhi nyingi.

Muhimu kupita yote ni ugonjwa wa huzuni. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi haoni raha katika mambo aliyoyapenda, hali vizuri, halali vizuri, na anajiona hana thamani, huyo hahitaji ratiba. Anahitaji kutibiwa, na matibabu yapo. Akianza kuzungumzia kifo au kutamani asiamke, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wapo pia watu wazima ambao tangu utotoni wameshindwa kukaza fikira, kukaa kitako au kumaliza walichoanza, na walichapwa sana shuleni kwa hilo. Wao pia wana msaada wao kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili.

Mara kwa mara huulizwa kama kuna kidonge cha ajizi. Ukiyaondoa maradhi niliyoyataja, hakuna, na anayekuuzia matone ya "kuongeza nia" anakuibia.

Andika saa na mahali

Sasa tuje kwa wale wazima ambao wanaahirisha tu. Mwaka wa 2000 watafiti wawili wa Uingereza, Paschal Sheeran na Sheina Orbell, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu wanawake waliokuwa wamefikia wakati wa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Baadhi yao waliombwa jambo moja la ziada: waandike ni lini, wapi na kwa njia gani wangeomba miadi ya kipimo hicho. Katika kundi ambalo halikuandika, asilimia 69 walikwenda. Katika kundi lililoandika, walikwenda asilimia 92. Hapakuwa na hotuba, picha za kutisha wala zawadi. Palikuwa na kalamu tu.

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, hueleza kuwa mpango wa namna hii humwondolea mtu mzigo wa kuamua upya. Uamuzi umekwisha kufungwa kwenye saa, mahali au tendo fulani, na likifika hilo, mwili hufuata. Kusema "mwaka huu nitapunguza uzito" si mpango, ni dua. Mpango husema hivi: "Jumamosi asubuhi nikishuka kwenye matatu nikienda sokoni, nitapitia kliniki kupimwa kabla sijanunua chochote." Au hivi: "Nikishamimina chai ya asubuhi, nitameza dawa ya presha kabla ya kuionja." Angalia kuwa chai ipo kila siku na haisahauliki. Dawa imeegemezwa kwenye kitu ambacho tayari kina miguu.

Wapo watakaonijibu kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni nzuri kwa mtu anayejenga nyumba. Kwa mwanamke mwenye uvimbe katika titi, ambaye amengoja miezi mitatu aone kama utaondoka wenyewe, namkumbusha ile nyingine ya ngojangoja.

Fedha zikiwa bado mkononi

Utafiti unaonipendeza kupita yote ulifanyiwa hapa kwetu, nao haukuhusu hospitali bali mbolea. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi na wakulima wa mahindi huko Busia, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2011. Wakulima walioonyeshwa faida ya mbolea katika mashamba ya majaribio karibu wote walisema wataitumia msimu unaofuata. Msimu ulipofika, waliotimiza walikuwa kidogo tu zaidi ya thuluthi moja. Hawakuwa wamedanganya. Baina ya mavuno na upanzi kulikuwa na miezi kadhaa, na katika miezi hiyo fedha zilikuwa zimekwisha kupata kazi nyingine.

Ndipo ukaletwa mpango ulioitwa SAFI. Mkulima alitembelewa mara tu baada ya kuvuna, wakati fedha zingali mkononi, akapewa nafasi ya kuilipia mbolea ya msimu ujao, na kuletewa nyumbani bila kulipia usafiri. Bei ya mbolea yenyewe haikupunguzwa. Hata hivyo, walioitumia waliongezeka sana.

Mkaazi wa Nairobi au Mombasa hana ghala la mahindi, lakini ana siku ya mshahara, na mfanyabiashara ana siku ya mauzo mazuri. Siku hiyo ndiyo mavuno yake. Anayemeza dawa kila siku na anunue za mwezi mzima siku hiyo, kabla hajaingia dukani kwingine. Anayetaka kupimwa macho na alipe miadi siku hiyo. Ukingoja tarehe 20, utakuwa unabishana na kodi ya nyumba, na kodi ya nyumba hushinda.

Pascaline Dupas na huyo huyo Robinson walionyesha jambo linalokaribiana na hilo mwaka wa 2013, tena magharibi mwa Kenya. Kumpa mtu sanduku lenye kufuli la kuwekea fedha za afya, bila ya kumwongezea senti, kuliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Vyama vya kuweka fedha pamoja vilipotenga mfuko wa afya, matokeo yalikuwa makubwa pia. Akina mama wa mitaa yetu walikuwa wanajua nguvu ya chama kabla ya maprofesa. Ninachowaomba ni waongeze chungu kimoja: pembeni mwa fedha za sufuria na za mazishi, ziwepo za vipimo. Mtu ambaye zamu yake imefika na wenzake wanangoja kusikia majibu, hana mahali pa kujificha.

"Mambo?"

Hapo tumegusa siri nyingine, nayo ni kuulizwa. Baina ya mwaka wa 2007 na 2008, Dkt Richard Lester na wenzake waliwafuata wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa siku mbili. Aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2010. Waliotumiwa ujumbe na wakasema wanazimeza dawa kama ipasavyo walikuwa asilimia 62, na katika kundi lingine asilimia 50. Vipimo vya damu navyo vilikuwa bora katika kundi la ujumbe. Hebu fikiria: hawakuulizwa kama wamemeza dawa, na virusi havikutajwa. Waliulizwa hali tu, na mtu aliyejali kama wangejibu.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja wa kukuuliza. Mmoja anatosha. Sipendelei ile desturi ya kuitangazia ofisi nzima kuwa umeacha sigara, kwa maana siku utakayoonekana umesimama nyuma ya jengo na moshi, aibu itakurudisha kwenye pakiti nzima. Asiwe pia mtu wa kukugombeza. Mke au mume mara nyingi hafai kwa kazi hii, kwani tayari ana mengine ya kukuuliza. Shemeji, rafiki wa kazini, au jirani mnayepanda naye gari moja asubuhi, huyo anafaa zaidi.

Siku 66, si 21

Turudi kwa ile Jumatatu. Kusema kweli, Jumatatu haina kosa. Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka wa 2014 kuwa watu huenda mazoezini zaidi mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi na mwaka, na baada ya siku yao ya kuzaliwa. Mwanzo mpya huleta nguvu, na ni busara kuitumia. Shida ni ile Alhamisi ya wiki ya pili, mvua inanyesha, umechoka, na nguvu ya mwanzo imekwisha.

Wengi wamesikia kuwa tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Si kweli. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuata watu 96 waliochagua jambo dogo la kufanya kila siku, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2010 walikadiria kuwa kwa wastani jambo hilo lilichukua siku 66 kuwa mazoea. Kwa baadhi lilichukua siku 18, kwa wengine 254. Walio na jambo jepesi, kama kunywa bilauri ya maji, walizoea mapema kuliko waliochagua mazoezi ya mwili. Na kuruka siku moja hakukuharibu chochote.

Hili la mwisho nalikazia kwa sababu ndipo wengi huangukia. Mtu ametembea kwa siku tisa, siku ya kumi akashindwa, naye huona yote yamebomoka na kusema ataanza upya mwezi ujao. Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada waligundua, mwaka wa 2010, kuwa wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha masomo kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani wa pili. Ukikosa Jumanne, rudi Jumatano, bila kujitukana na bila kujilipiza kwa kutembea mara mbili.

Anza na kipimo ambacho kitakuchekesha kwa udogo wake. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini mtu aliyekaa kitini kwa miaka kumi asianze kwa kukimbia msitu wa Karura wote. Ashuke steji moja kabla ya yake. Mwezi ujao, steji mbili.

Wa kuanza na presha

Kwa msomaji aliyeamua kuanza na kipimo cha presha, haya yatamfaa. Nusu saa kabla ya kupimwa usinywe kahawa, usivute sigara, wala usiharakishe kupanda ngazi. Kojoa kwanza. Keti dakika tano ukiwa umeegemea, miguu ikiwa imekanyaga sakafu bila kupishanishwa, mkono ukiwa mezani kwa kimo cha moyo na bila nguo nzito. Usizungumze wakati mashine inapima. Upimwe mara mbili, dakika moja au mbili zikipita katikati. Kipimo kimoja cha 145 juu ya 92 hakikufanyi mgonjwa, lakini hukudai urudi. Kikifika 180 juu ya 120, hata kama husikii lolote, muone daktari siku hiyo hiyo.

Uso ukipinda ghafla, mkono au mguu ukilegea, maneno yakichanganyika, au kifua kikibana kama kimefungwa kamba, hapo pasiwe na mpango wala miadi. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hufaa ndani ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, na katika muda huo kuna barabara, msongamano wa magari na uchunguzi wa mashine.

Kama mambo ni shwari, mwombe muuguzi akuandikie namba zote mbili pamoja na tarehe, na kabla hujainuka kitini, muulize ni siku gani anataka kukuona tena, na saa ngapi.